Chimwaga Ilifungwa: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya

Kwa: Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.
Nakala: Ofisi ya Waziri Mkuu, inayoratibu masuala ya maafa; Waheshimiwa Wabunge.

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kutoka Chimwaga, huku kwenye vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma. Kutoka ofisini kwako hadi hapa si mbali, na ningeweza kuileta barua hii kwa mkono nikaiacha masjala. Nimeamua kuiandika hadharani kwa sababu swali lililomo linaulizwa na wengi, na jibu lake wote wanastahili kulisikia: ugonjwa mwingine mkubwa ukiingia nchini, mtafunga tena shule na vyuo?

Swali hili halikuisha na corona ya mwaka 2020. Ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Biharamulo, mkoani Kagera, Januari 2025, lilirudi. Machi mwaka huohuo walipotangazwa wagonjwa wawili wa mpox, likarudi tena. Kwetu haliishii vijiweni, linaingia hadi kwenye mikataba ya vyumba. Mwanafunzi anakuja kupanga, anauliza: nikilipa kodi ya miezi sita na chuo kikafungwa, utanirudishia? Mwenye nyumba hana la kumjibu, maana naye hajui. Wapo wanaoapa kwamba Tanzania haitafunga kamwe kwa sababu haikuwahi kufunga. Wapo wanaosema mipango imeshakamilika, tunafichwa tu. Wengine wanaamini uamuzi huo sasa uko Geneva, yaliko makao makuu ya Shirika la Afya Duniani. Ninayaandika haya kwako, Mheshimiwa, kwa sababu ubishi wote huu unatokana na kimya cha serikali, na wewe unaweza kuumaliza kwa waraka mmoja.

1. Nchi hii ilifunga, na tunaomba serikali ikubali hivyo.

Simulizi iliyozoeleka ni kwamba majirani walifunga, sisi tukaendelea na kazi. Ina ukweli ndani yake. Wakenya waliishi na kafyu tangu Machi 27, 2020 hadi Oktoba 20, 2021. Watoto wengi wa Uganda walikaa bila shule karibu miaka miwili, hadi Januari 10, 2022. Kwetu masoko, makanisa na misikiti viliendelea, na Hayati Rais Magufuli alikataa waziwazi kuwafungia watu ndani. Kwa anayekula alichokipata leo, uamuzi ule uliokoa chakula cha jioni, na sitaubeza.

Lakini tuikumbuke kalenda. Mgonjwa wa kwanza wa corona alitangazwa Machi 16, 2020, msafiri aliyeingia kupitia Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Kesho yake Waziri Mkuu wa wakati ule, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari kwa siku 30, pamoja na kuzuiwa kwa mikusanyiko na michezo. Siku iliyofuata vikaongezwa vyuo. Aprili 14 muda ukasogezwa mbele, safari hii bila tarehe ya mwisho. Vyuo na kidato cha sita wakarudi Juni 1; madarasa mengine wakasubiri hadi Juni 29. Ni miezi miwili na nusu kwa mwanachuo, na zaidi ya mitatu kwa mtoto wa darasa la tatu.

Sibishani kwa ajili ya historia tu. Serikali inayojihesabu kuwa haikufunga haioni sababu ya kuwahesabu waliopoteza, wala ya kuandaa utaratibu wa kufunga siku nyingine. Ndiyo maana kila ugonjwa ukitangazwa tunaanza upya, kana kwamba 2020 haikutufundisha kitu.

2. Waliolipa gharama ya kufunga hawakuwa nchi nzima. Walikuwa watu wa sehemu kama Chimwaga.

Zamani Chimwaga ilijulikana kwa ukumbi wake, ule ambamo Chama Cha Mapinduzi kilimteua Benjamin Mkapa kugombea urais mwaka 1995. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007, eneo zima lilibadilika. Watu waliuza mifugo, wakachukua mikopo, wakajenga vyumba. Kuanzia hapa hadi Ng'hong'honha maisha yakaanza kwenda kwa kalenda ya chuo: boom, yaani fedha za kujikimu za wanafunzi, likitoka, duka linajaa bidhaa, chuo kikifunga kwa likizo, mama ntilie anapunguza sufuria. Likizo tunaizoea, tunaiwekea akiba. Machi 2020 haikuwa likizo. Mabegi yalitoka mabwenini ndani ya siku chache tu, na mzunguko wote wa fedha ukaondoka na wenye mabegi.

Nina vyumba vichache vya kupangisha na jiko la chakula cha mchana, hivyo ninayajua haya kwa ndani. Vyumba vilibaki na magodoro na ndoo za wanafunzi. Sikuweza kumpangisha mtu mwingine, na mwanafunzi aliyeko kwao Kigoma au Lindi hakuwa na cha kunilipa. Nani alikuwa na makosa kati yetu? Hakuna. Lakini mkopeshaji wangu hakutaka kusikia habari za corona. Marejesho yalihesabiwa wiki kwa wiki kama kawaida, na faini juu yake. Vikoba, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, viliyumba kwa sababu hisa hazikununuliwa, na kikoba kikiyumba, ada ya mtoto na dawa ya bibi navyo vinayumba. Wanawake wengi wa hapa waliangukia mikopo ya riba kali, ya aina tunayoiita leo kausha damu. Baadhi yao deni la miezi ile lilizaa deni jingine, na mpaka leo hawajalimaliza. Vijana wa bodaboda waliokuwa wakilipa pikipiki kwa mkataba walinyang'anywa. Mwenye steshenari alibaki na mashine ya kutoa nakala na hana wa kumtolea nakala. Wakulima wa bustani kutoka Hombolo waliotuletea mchicha na nyanya walirudi nazo, au waliziacha kwa bei ya kuona haya.

Sasa weka haya pembeni ya ile simulizi kwamba hatukufunga. Muuza nyanya wa Soko la Majengo aliendelea kuuza. Muuza nyanya wa Chimwaga alisimama. Wote ni wafanyabiashara wadogo wa jiji moja, chini ya serikali moja. Tofauti yao ni kwamba mteja wa huyu wa pili aliondolewa kwa tangazo la serikali. Aliyeondolewa mteja kwa manufaa ya taifa, taifa lina deni kwake, hata kama uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi. Kwa miezi yote ile sikumsikia kiongozi akilitamka deni hilo.

Ninajua nitajibiwa kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa kukabili corona, ule wa Septemba 2021 uliofikia shilingi trilioni 1.3. Madarasa 15,000 yalijengwa, na nitakuwa wa mwisho kuyasema vibaya madarasa. Ukipita mikoani bado yanaitwa madarasa ya UVIKO, yaani ya corona. Lakini fedha zile zilikuja zaidi ya mwaka mmoja baada ya vyuo kufunguliwa, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye majengo, maji na vifaa. Dirisha mahususi la mtu aliyefungiwa biashara yake kwa tangazo halikufunguliwa.

3. Hatukuonyeshwa kipimo, si cha kufunga wala cha kufungua.

Tulifunga tukiwa na mgonjwa mmoja. Tulitangaziwa kufungua vyuo Mei 21, takwimu zikiwa zimekoma tangu mapema mwezi huo, zikiishia kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Katikati ya tarehe hizo tulisikia habari za papai na mbuzi waliopimwa wakakutwa na virusi, na mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa. Mwezi Juni, hapahapa Dodoma, kanisani, Rais Magufuli akatangaza kwamba Mungu ameuondoa ugonjwa. Mimi ni mtu wa sala na siwezi kuzibeza sala za Watanzania. Ninachouliza ni hiki: daktari, mwalimu mkuu na mwenye biashara walitakiwa kutazama nini ili wajue kesho kutakuwaje?

Ukimya uliofuata ulituumiza zaidi ya kufungwa. Watu hawakuacha kuugua. Waliugua "changamoto ya upumuaji", wakapiga nyungu, wakanunua tangawizi na malimao hadi bei ikapanda, wakazika. Kwanza TV ilifungiwa miezi 11 Julai 2020 kwa kusambaza tahadhari ya Ubalozi wa Marekani kuhusu ugonjwa huo. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani yetu kabisa, kwenye eneo la chuo. Februari 2021 taifa zima lilimwona Waziri wa Fedha wa wakati ule, Dkt. Philip Mpango, akizungumza na waandishi hospitalini hapo huku kikohozi kikimkatiza. Siku chache kabla ya hapo, Februari 17, tulimpoteza Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi, na siku hiyohiyo Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, alifariki, baada ya chama chake kueleza kwamba ameugua corona. Taarifa zilipokosekana, kila msiba ukawa na maelezo yake mtaani. Tabia hiyo ya kutafuta ukweli vijiweni tuliijenga miezi ile, na haijaondoka.

Ninatambua kilichobadilika. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Said Aboud, ikakabidhi taarifa yake Mei 2021, takwimu zikarudi, Julai 28 mwaka huo Rais akachanjwa mbele ya kamera. Hayo yaliturudishia pumzi. Ila mabadiliko yaliyotegemea mtu mmoja kuwa na nia njema yanaweza kuondoka na mtu huyo. Ndiyo sababu tunaomba kanuni iliyoandikwa.

4. Kagera imeonyesha kwamba mnaweza bila kufunga nchi. Imeonyesha pia kwamba ugonjwa wa zamani wa ukimya haujapona.

Marburg ya kwanza, Machi 2023, iligusa watu tisa na kuua sita. Zaidi ya watu 200 waliokuwa karibu na wagonjwa walifuatiliwa, na Juni 2 ugonjwa ukatangazwa kwisha. Ya pili, ya Biharamulo, ilitangazwa kwisha Machi 13, 2025. Waliothibitika walikuwa wawili, wanane wakahesabiwa kuwa wenye uwezekano mkubwa wa kuwa nao, na wote kumi walifariki. Mara zote mbili hakuna chuo kilichofungwa Dodoma. Maofisa wa afya walitembea nyumba kwa nyumba, wakatenga, wakapima, wakahesabu siku. Ile ndiyo kazi tunayoitaka, na walioifanya wanastahili heshima ambayo hawajapewa ya kutosha.

Lakini katikati ya Januari 2025, Shirika la Afya Duniani lilipotoa taarifa ya wahisiwa, Wizara yako ilijibu kwamba sampuli hazikuonyesha Marburg. Januari 20, hapa Dodoma, Rais akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, alithibitisha kuwa ugonjwa upo. Inawezekana vipimo vya kwanza vilikuwa safi kweli. Maabara hufanya kazi kwa hatua. Basi semeni hivyo: tumepima hizi, zimetoka hivi, tunaendelea na nyingine, tutarudi kwenu keshokutwa. Siku zile chache zilitosha kwa mtaa mzima kusema "wameanza tena kuficha", na baada ya hapo hata ukweli mlioutangaza ulipokelewa kwa mashaka.

5. Geneva haitafunga Chimwaga.

Hili nitalipita haraka, kwa kuwa ni jepesi kulimaliza na mmeliacha likue. Mkataba wa kimataifa wa magonjwa ya mlipuko uliopitishwa na nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani Mei 2025 unatamka kwamba haulipi shirika hilo mamlaka ya kuziamuru nchi kufunga shughuli zao, kuzuia wasafiri au kulazimisha chanjo. Uamuzi wa kufunga au kutofunga utafanywa Dodoma na viongozi wa Tanzania. Waambieni wananchi hivyo kwa Kiswahili, redioni, kabla waongo hawajawaambia vinginevyo. Nanyi msije mkajificha nyuma ya Geneva siku ya uamuzi.

6. Sasa maombi yetu.

La kwanza ndilo kubwa. Andikeni na kuchapisha kwa Kiswahili utaratibu wa kuzuia shughuli wakati wa mlipuko: kiwango gani cha maambukizi, katika eneo gani, kinagusa nini, na kinaondolewa kwa kipimo gani. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 mnayo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 mnayo, na kamati zake zinashuka hadi kijiji na mtaa. Kinachokosekana ni ngazi zinazoeleweka kwa mwenyekiti wa mtaa wa Ng'hong'honha. Mlipuko ukiwa Kagera, mtu wa Dodoma ajue anaguswaje. Ukiwa Dodoma, ajue bweni linafungwa lini na darasa linaendeleaje.

Kila zuio liwe na tarehe ya kufa. Katiba yetu, ibara ya 32, inataka tangazo la hali ya hatari lifikishwe kwa Spika na Bunge likutane ndani ya siku 14 kuliamua. Kama hali ya hatari inawekewa siku 14, kwa nini shule zifungwe hadi itakapotangazwa vinginevyo? Tunaomba zuio lolote la kiafya lisilohuishwa kwa sababu zilizochapishwa lijifie lenyewe baada ya siku hizohizo 14. Takwimu nazo zitoke kila wiki, za mkoa kwa mkoa, ziwe nzuri au mbaya, na asiadhibiwe mtu kwa kuzinukuu.

Kuhusu fidia, hatuombi utajiri. Tunaomba tangazo la kufunga litoke siku moja na tangazo la nafuu: marejesho ya mikopo midogo yasimame bila faini, pamoja na mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, kodi ya vyumba vya wanafunzi iwe na utaratibu unaomlinda mpangaji na mwenye nyumba, na mfuko wa maafa uwe na fungu la wafanyabiashara wadogo wa maeneo yanayotegemea chuo au shule. Orodha yao iandaliwe sasa, watu wakiwa wazima, kupitia maofisa watendaji wa mitaa. Orodha inayoandikwa wakati wa dharura huwaacha wasio na ndugu ofisini.

Pia maji. Mlituambia tunawe kwa maji tiririka na sabuni, na tulitii, kila kibanda kikawa na ndoo yenye koki. Mji huu unaotegemea kwa sehemu kubwa visima vya Mzakwe umeishi na mgao kwa miaka mingi. Ratiba ya maji wakati wa mlipuko iwe sehemu ya utaratibu huo. Mama anayenunua maji kwa dumu hatayamwaga mikononi mwa wateja siku nzima.

Mwisho, hesabu ya 2020. Iundwe timu ndogo, ikiwemo wanazuoni wa chuo hiki kilicho mbele ya mlango wangu, iandike nani alipoteza nini kati ya Machi na Juni 2020 katika miji ya vyuo: biashara zilizokufa, watoto wa kike ambao hawakurudi darasani, wanafunzi walioahirisha masomo. Taarifa hiyo isomwe bungeni. Hatuitaki ili kumshitaki marehemu wala aliye hai, bali ili atakayekaa kwenye kiti chako siku ya tangazo lijalo awe na kurasa za kusoma kabla hajatia saini.

Mheshimiwa Waziri, nikiulizwa kama ninapinga kufunga, jibu langu ni hapana. Ukija ugonjwa unaoua vijana mabwenini, nitakuwa wa kwanza kuwabebea wapangaji wangu mabegi hadi stendi. Ninapinga kufungwa na tangazo lisilo na kipimo, lisilo na tarehe na lisilomkumbuka anayelipa. Bunge la Bajeti huanza Aprili, hapahapa Dodoma. Tunakuomba utaratibu huu uwekwe mezani kabla fungu la Wizara yako halijapitishwa, na wabunge wa mkoa huu tunawaomba wasilipitishe bila kuuona.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mpangishaji na muuza chakula,
Chimwaga, Dodoma.